Aliyezitunza Barua

Wengi wetu tulimsoma Shaaban Robert shuleni: Kusadikika, Adili na Nduguze, Wasifu wa Siti Binti Saad. Wachache wamekishika kitabu kilichotoka miaka 40 baada ya yeye kufariki, Barua za Shaaban Robert 1931–1958. Kilichapishwa mwaka 2002 na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Humo mna barua za kaka kwa mdogo wake, Yusuf Ulenge.

Shaaban alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, na karani huenda anakopelekwa: Pangani, Mpwapwa, Tanga. Habari za nyumbani zikapita kwa posta. Tawasifu yake, Maisha Yangu, aliiandika akijua itasomwa na watu. Barua alimwandikia mtu mmoja, na huyo mmoja hakuzitupa. Kwangu mimi, kitabu kile ni kazi ya Yusuf pia.

Si kila ndugu hutunza vile. Benjamin Disraeli, mwandishi wa riwaya aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza mara mbili, alisafiri ujanani, 1830 na 1831, hadi Misri, akiwaandikia nyumbani baba na dada yake Sarah. Alipofariki mwaka 1881, mdogo wake Ralph alizichapisha barua za familia, lakini alikata hapa, akabadili pale, akaunganisha barua mbili zikawa moja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Queen's, mjini Kingston, Ontario (wenzetu wa Buffalo, ni ng'ambo ya mpaka tu) walizitafuta barua zenyewe, na juzuu za kwanza zikatoka mwaka 1982. Karibu miaka mia watu walimsoma Disraeli wa Ralph.

Nayataja haya kwa sababu ya swali nililoletewa na msomaji wa Louisville. Mama yake yuko kambini Nyarugusu, na tangu wafike Marekani humtumia ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp karibu kila wiki. Simu imejaa. Anataka kuhifadhi zile za dua na za kuwasalimia wajukuu, na kuzifuta zile ambazo mama analalamika juu ya pesa. Anasema hataki wanawe wamsikie bibi yao akigombana na baba yao.

Ndugu yangu, usifute. Humo kwenye lawama ndimo mama anapotaja bei ya unga, nani anaumwa, nani kaitwa kwenye usaili na nani bado anangoja. Dua atakuombea hata akiwa amechoka, lakini akikulaumu anakueleza maisha yake yalivyo. Hapa Whitehall nimekaa kwenye misiba nikaona watu wazima wakipekua simu wakitafuta sauti yoyote ya marehemu, hata ya kukoromewa.

Kuhifadhi si kazi kubwa. WhatsApp ina sehemu ya kuhamisha mazungumzo. Chagua yatoke pamoja na sauti na picha, ujitumie kwa baruapepe, kisha uweke nakala kwenye kompyuta. Fanya hivyo kabla ya kubadili simu. Halafu chukua daftari, andika tarehe na majina: "Mama Neema" anayetajwa ni nani, ni jirani au shangazi? Wewe unajua. Mtoto aliyezaliwa Columbus hajui, na baada ya miaka ishirini hatakuwa na wa kumuuliza.

Kuhusu wajukuu kusikia ugomvi, mwenye sauti yupo hai. Mpigie, mwambie unazitunza, umuulize zipi wasikilize sasa na zipi wangoje wawe wakubwa. Akisema ile ya mwezi wa pili ifutwe, ifute, ni yake. Ila nadhani atacheka kwanza, kisha atauliza ile pesa imefikia wapi.