Siku Kumi za Kimya si Dawa ya Uchovu wa Tarakilishi

Leo naweka msimbo kando kidogo, ingawa mtaona sijaenda mbali na kazi yetu.

Siku hizi kuna mtindo miongoni mwetu watu wa tarakilishi. Mtu akichoka, anatafuta mahali pa kukaa kimya siku kumi akifanya taamuli ya Kibudha. Akirudi anasema amepakia toleo jipya la akili. Mimi sina ugomvi na kimya hicho. Ugomvi wangu ni na sababu zinazotupeleka huko.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Kozi inayojulikana sana ya aina hii ni ile ya Vipassana iliyoenezwa na S. N. Goenka. Huyu alizaliwa mwaka 1924 huko Burma, ndiyo Myanmar ya leo, katika familia ya wafanyabiashara wa asili ya Kihindi. Alianza kufundisha India mwaka 1969, na kituo cha Dhamma Giri, kule Igatpuri katika jimbo la Maharashtra, kikafunguliwa mwaka 1976. Alifariki mwaka 2013, lakini kozi bado zinaendeshwa kwa sauti yake iliyorekodiwa.

Ratiba si ya mchezo. Kengele inalia saa kumi alfajiri, na taa zinazimwa saa tatu na nusu usiku. Katikati hapo kuna takriban saa kumi za kukaa na kutafakari. Simu unaiacha mlangoni, pamoja na vitabu na kalamu. Huzungumzi na wenzako, wala kwa ishara, isipokuwa una swali kwa mwalimu au shida ya kumweleza mhudumu. Siku tatu za kwanza unachunguza pumzi tu, inavyoingia na kutoka puani. Siku ya nne unaanza kupitisha fikira mwilini, kutoka utosini hadi vidole vya miguu. Ukisikia maumivu huyakimbii. Ukisikia raha huing'ang'anii. Siku ya kumi ndipo watu wanaanza kuzungumza tena. Na hakuna ada: chakula na malazi yako yamelipiwa na michango ya waliomaliza kozi kabla yako.

Sasa sikilizeni jambo hili. Goenka mwenyewe alianza kwa sababu ya kipandauso, maumivu makali ya kichwa ambayo madaktari walishindwa kuyatibu. Mwaka 1955 alimwendea mwalimu U Ba Khin, ambaye pia alikuwa afisa mkuu wa hesabu wa serikali ya Burma. Mwalimu alimkataa kwanza! Alimwambia kwamba ukija kwa ajili ya kichwa tu, unaishusha thamani njia hii. Nia yake ni kumtoa mtu katika mateso ya tamaa na chuki. Kichwa kikipona, hiyo ni nyongeza.

Nikikumbuka hayo, nawaza habari za Jack Dorsey. Desemba 2018, akiwa bado mkuu wa Twitter, alieleza mtandaoni jinsi alivyokaa siku kumi za Vipassana nchini Myanmar. Aliieleza kwa lugha yetu ya kudukua akili na kuiprogramu upya, akaonyesha hata takwimu za mapigo ya moyo kutoka kwenye saa yake. Alisifu nchi na watu wake. Wengi walimkemea, kwa kuwa tangu Agosti 2017 Warohingya zaidi ya 700,000 walikuwa wamekimbia nchi hiyo hiyo kuingia Bangladesh, na mwaka huo wa 2018 wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walikuwa wamesema Facebook ilichangia kueneza chuki dhidi yao.

Simlaumu mtu kwa kutafakari. Ninachouliza ni hiki: je, inatosha mtengeneza kelele kwenda kupumzika na kelele, kisha akarudi kuitengeneza? Arifa zinazomfanya mtu aguse simu yake usiku wa manane hazikuota zenyewe. Ni sisi tulioziandika, tukazipima, tukashangilia grafu ilipopanda.

Isitoshe, wangapi wanaweza kuzima simu siku kumi? Mama mboga analipwa kwa M-Pesa. Mtu wa bodaboda anapata wateja kwa simu. Mwambie azime, umemwambia alale njaa. Huyo hahitaji mahubiri ya kimya. Anahitaji programu inayoita pale tu pana jambo.

Kujitenga si jambo geni kwetu. Pwani yetu inajua itikafu, siku kumi za mwisho za Ramadhani ambazo Mwislamu hukaa msikitini. Taratibu ni tofauti kabisa, maana huko Kurani inasomwa, na kwenye Vipassana huruhusiwi kusoma chochote. Lakini wote wanajua kwamba kipimo ni utakavyoishi ukishatoka. Anayetoka msikitini akapunja mizani sokoni, majirani hawamuulizi alikaa siku ngapi.

Na kwa anayetaka kwenda, neno moja. Mwaka 2017 watafiti Jared Lindahl na Willoughby Britton wa Chuo Kikuu cha Brown, pamoja na wenzao, walichapisha utafiti kuhusu watafakari waliopatwa na hofu, kukosa usingizi na matatizo mengine. Fomu ya maombi huuliza kuhusu afya ya akili. Ijibu kwa ukweli, na kama una historia ya ugonjwa, ongea na daktari kwanza. Hili si zoezi la kuonyesha ushujaa.

Pendekezo langu kwa waundaji wenzangu ni dogo. Kabla ya kuomba likizo ya kimya, fungua programu unayoiunda na uhesabu arifa zake. Zile ambazo mtumiaji hakuziomba, zizime tangu mwanzo. Anayezitaka ataziwasha mwenyewe. Mkuu wa mauzo atanuna. Hapo ndipo utajua kama kutafakari kumekufaa, kwa sababu utahitaji utulivu kumjibu.

Mnaonaje, ndugu zangu? Uwanja ni wenu.