Lita 70 za kupanda Manga? Wacha hizo, bana

Simama steji ya Kisii mjini Jumamosi mapema na utawaona. Vijana wanne au watano, viatu vya mtumba vimesuguliwa vikang'aa, na migongoni wamebeba mabegi utadhani wanahama nyumba. Ukiwauliza waendako, wanakwambia Manga. Manga hii yetu! Mtu anapanda asubuhi, anapigwa picha ukingoni, anautazama mji wa Kisii ukiwa kule chini, na kufikia saa tisa yuko kwao anakula. Begi la lita 70 ni la nini?

Najua ushauri huo mnautoa wapi. Ukitafuta mtandaoni begi zuri la porini, video zinazotangulia ni za wawindaji wa Marekani. Jamaa ana ndevu, yuko milima ya Colorado, na anakuonya usinunue chini ya lita 70. Kwake yeye ni kweli kabisa. Anamfuata elk, aina ya kulungu anayeweza kupita kilo 300, mahali ambapo gari halifiki. Akimpata, inabidi amkate vipande na kumbeba mgongoni, safari baada ya safari, hadi nyama yote ifike barabarani. Ndiyo maana begi lake lina fremu ngumu, na kati ya fremu na mfuko kuna nafasi ya kufungia paja zima. Mwindaji hupima begi kwa mzigo wa kurudi nao.

Wewe unarudi na nini? Hapa Kenya uwindaji wa wanyamapori ulipigwa marufuku mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 haikulegeza kamba. Majirani zetu Tanzania bado wanaruhusu kwa leseni, lakini huku ukionekana na paja la swara begani, KWS watakuwa na maswali. Mzigo wako unapungua kila hatua: maji unayanywa, ndizi unazila. Unateremka ukiwa mwepesi kuliko ulivyopanda, halafu begi umenunua la mtu anayebeba mnyama.

Hebu tuongee lita. Ile jerikeni ya manjano ya kuchotea maji kwenye chemchemi ni lita 20, na kila mtu wa Gusii anaijua, shingo yake pia inaijua. Begi la lita 20 hadi 30 ni ukubwa wa jerikeni moja au moja na nusu. Hilo linatosha safari ya siku moja: maji, chakula, koti la mvua, sweta, simu na dawa kidogo. Ukiamua kulala nje usiku mmoja, tuseme umepiga hema kule Kiabonyoru upande wa Nyamira, tafuta lita 40 hadi 50. Lita 60 kwenda juu ni za mtu anayekaa Mlima Kenya siku 3 au 4 akijibebea hema, jiko, chakula na mfuko mzito wa kulalia, maana kule juu usiku maji huganda.

Ukienda kuchagua mtumba pale Daraja Mbili, angalia ubavuni mwa begi. Nambari kama 28 au 65+10 iliyoshonwa hapo mara nyingi ndiyo lita, na hiyo 10 ya ziada ni sehemu ya juu inayovutwa kuongeza nafasi. Kama hakuna nambari, azima tepu ya fundi wa nguo. Urefu mara upana mara kina kwa sentimita, kisha ugawe kwa 1,000. Begi la 50 kwa 30 kwa 20 linakupa lita 30. Mimi chuo niliacha mwaka wa pili na hesabu hiyo naiweza, kwa hivyo usiniambie ni ngumu.

Begi kubwa likibaki na nafasi, mtu huijaza. Nimeona spika ikipandishwa mlimani, jozi mbili za jinzi, hata sufuria ambayo haikupikiwa kitu. Wapanda milima wengi hufuata kipimo hiki: safari ya siku moja, mzigo usizidi asilimia 10 ya uzito wako, na ukilala nje, usizidi asilimia 20. Mtu wa kilo 60 basi ana kilo 6, au 12. Maji lita 3 tayari ni kilo 3. Na begi kubwa lenye fremu linaweza kupita kilo 2 likiwa tupu kabisa. Umebaki na ngapi?

Sasa kuna jambo ambalo wauzaji hawatuambii, na ndilo linaloniudhi zaidi. Lita ni nusu tu ya saizi. Nusu nyingine ni urefu wa mgongo wako. Mabegi mawili yanaweza kuwa na lita 50 yote, moja likakukaa vizuri na lingine likakutesa hadi ulie.

Kulikuwa na dada mmoja tuliyepanda naye Manga. Hatukuwa tumefika hata nusu na tayari alikuwa amebaki nyuma, akisimama kila baada ya hatua kumi. Wavulana wakaanza maneno yao, ati mlima si wa kila mtu, ati angebaki nyumbani kupika. Akarudi chini. Jioni ndipo mtu mmoja akalitazama lile begi. Lilikuwa la kaka yake, jitu la futi sita. Mkanda wa kiunoni ulikuwa unamgonga mapajani, kwa hivyo haukuwa umebeba chochote, na kilo zote zilikuwa zinaning'inia mabegani. Tangu siku hiyo hatujamwona tena kwenye kundi. Wale wale waliomcheka bado wanauliza mbona wasichana hawaji.

Pima hivi. Inamisha kichwa, uguse kile kifundo cha mfupa kinachochomoza chini ya shingo. Kisha shika kiuno juu ya mifupa ya nyonga, vidole gumba vikielekea nyuma. Mwenzako apime kutoka kwenye kifundo hadi usawa wa vidole gumba. Watu wazima wengi huangukia takriban kati ya sentimita 40 na 55. Sasa pima begi lenyewe, kutoka mishipi ya mabegani inaposhikia hadi mkanda wa kiunoni. Vipimo hivyo viwili vikikaribiana, uko poa. Halafu mwambie muuzaji akuruhusu ulijaze vitu vyake mwenyewe, ufunge mkanda juu ya nyonga, utembee hatua hamsini sokoni. Watu wakitazama, watazame. Muuzaji akikataa, wapo wengine.

Hata mkiwa na pesa za kuajiri wapagazi, mambo ni yale yale. Wewe mchana utahitaji lita 25 au 30 tu, na zilizobaki zinabebwa na kijana wa rika lako. Kilimanjaro mizigo hupimwa langoni, na kikomo cha mpagazi mmoja ni kilo 20. Ile spika uliyoshindwa kuiacha nyumbani inapanda kwa mgongo wa mtu mwingine.

Na Probox je? Ukipanda Probox ya Keroka au ya Nyamira na begi kama gunia la viazi, ama linakaa kwenye magoti yako ama dereva anakudai nauli ya kiti. Rangi nayo: yale mabegi ya madoadoa ya kijeshi yanapendeza kwenye picha, lakini hapa Kenya raia kuvaa sare ya jeshi ni kosa, na polisi njiani hana haraka ya kutofautisha begi na sare. Chukua la kijani, jeusi, hata la zambarau.

Angalia pia mifuko ya pembeni kama inaingiza chupa ya kudumu, kwa sababu tangu Juni 2020 chupa za plastiki za kutupwa haziruhusiwi kwenye mbuga na hifadhi zetu. Na mvua ya Kisii unaijua, haikosi mchana. Funga nguo kavu ndani ya mfuko usiopitisha maji hata kama begi limeandikwa halilowi.

Kama tayari una begi kubwa na pesa zimeisha, usilitupe. Mafundi wa viatu mjini wanaweza kukufupishia mishipi na kukushonea mkanda wa kiunoni kutoka kwa begi lingine kuukuu. Waambie watumie uzi mnene wa kushonea viatu, na ukae pale pale wakishona ili wapimie mgongoni mwako.