Nyari Si Jiko la Jehanamu

Nimechoka na makala za safari ya siku moja kwenda Marafa. Zote zinafanana: unatoka Malindi, unakula vumbi, unafika "Jiko la Jehanamu", unapiga picha za machweo, jioni uko hotelini. Nami sijitoi. Niliwahi kuandika moja, na kichwa chake kilikuwa hichohicho.

Jamani, mahali pale pana jina. Wagiriama wanapaita Nyari, yaani palipobomoka penyewe. Jina hilo linaeleza kila kitu: mvua na upepo vimemega mawe ya mchanga mpaka yakabaki makorongo na minara myeupe, ya waridi, ya chungwa na myekundu. Shetani hana kazi pale.

Halafu kuna kisa. Familia tajiri ilikuwa ikioga maziwa ya ng'ombe wake. Mungu akakasirika, ardhi ikawameza. Weupe wa kuta ni maziwa, wekundu ni damu yao. Sisi waandishi tunakitia kisa hiki kama kachumbari pembeni mwa pilau, wala hatusikii kwamba kinatusema sisi, tuliozoea kumwaga vya watu.

Utaniambia jina la Kiingereza linavuta wageni, na kiingilio kinawasaidia wenyeji. Sawa, liwekeni kwenye kibao cha barabarani. Lakini insha si kibao. Mwandishi anayekaa Nyari kutwa nzima, akaondoka bila jina lake, huyo hajafika. Mimi sikufika. Nitarudi.