Lori la Mheshimiwa Diwani

Baraza la madiwani likikutana, majoho yameshavaliwa, makabrasha yameshagawiwa, mwenyekiti anaanza kupita ajenda moja baada ya nyingine: taarifa za kata, taarifa za kamati, makusanyo ya ushuru, miradi iliyokwama. Ikifikiwa ajenda ya ujenzi wa madarasa, hakosekani wa kusimama na kuuliza kwa nini bei ya mchanga na kokoto imepanda. Sauti ambayo ni nadra kuisikia ni ya diwani anayesema, "Mheshimiwa mwenyekiti, lori linalosomba mchanga huo ni langu, naomba nitoke nje mjadala uendelee bila mimi." Na si kwamba sheria imesahau. Sheria za Serikali za Mitaa za mwaka 1982, Na. 7 ya mamlaka za wilaya na Na. 8 ya mamlaka za miji, zinamtaka mjumbe mwenye maslahi ya kifedha katika jambo linalojadiliwa ayatamke, kisha akae kando ya mjadala na kura. Tatizo ni kwamba akinyamaza, hakuna aliyeko ukumbini mwenye orodha ya kumlinganisha nayo. Mwandishi wa vikao anaandika alichosikia. Asichosikia hakiingii kwenye muhtasari.

Tumezoea kuamini kwamba dawa ya hili ni tamko la mali. Ni imani yenye historia. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilipoweka masharti ya uongozi, diwani alitajwa humo pamoja na mawaziri na wabunge: asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Kwa masharti hayo, lori la biashara la diwani lisingekuwa swali la maadili tu, lingekuwa swali la kama anafaa kubaki kiongozi. Mwaka 1991, huko Zanzibar, chama tawala kilikaa na kulegeza masharti hayo, na kiongozi akaruhusiwa kufanya biashara kama mtu mwingine yeyote. Miaka minne baadaye ikaja Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, Na. 13 ya 1995, ambayo haikumkataza kuwa na mali bali ilimtaka aseme anazo zipi: ndani ya siku 30 baada ya kushika nafasi, kila mwisho wa mwaka, na anapoondoka. Madiwani wamo katika orodha ya viongozi wanaohusika. Kwa hiyo kila Desemba fomu hujazwa na kupelekwa Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma, zikahifadhiwa kwenye daftari.

Hapo ndipo mwananchi wa kata anapoachwa nje. Daftari lipo, lakini anayetaka kuliona hafiki tu mapokezi na kuomba. Utaratibu unamtaka kwanza awe amewasilisha malalamiko dhidi ya kiongozi huyo, malalamiko ambayo Sekretarieti itaridhika kuwa ni ya kweli na yenye nia njema. Yaani ili ujue kama una la kulalamikia, ulalamike kwanza. Mkulima wa Kilosa au mama lishe wa Geita hawezi kuanza safari hiyo, na hata akianza, atakachokikuta ni nyumba, mashamba, mifugo na akaunti za benki, mambo ambayo kwa sehemu kubwa hayamhusu. Ng'ombe wa diwani ni ng'ombe wake. Kinachomhusu mwananchi ni uhusiano kati ya mali hizo na maamuzi yanayofanyika halmashauri, na uhusiano huo hauonekani Dodoma. Unaonekana pale pale kwenye kata, kwa watu wanaojua lori lile linalala uani kwa nani. Mali na maslahi ni vitu viwili, na mfumo wetu umejengwa kuhesabu cha kwanza huku madhara yakitoka kwa cha pili.

Diwani wa Tanzania ana mkono mrefu kuliko tunavyompimia. Ndiye mwenyekiti wa kamati ya maendeleo ya kata, mahali ambapo miradi hupangwa na majina ya vikundi vinavyoomba mikopo hupita. Ni kweli kwamba hakai kwenye bodi ya zabuni. Ile ni ya watumishi. Lakini halmashauri ndiyo mamlaka ya nidhamu kwa watumishi wake wengi, na mhandisi anayeombwa na diwani "kumwangalia" fundi fulani anajua kwamba jalada lake la nidhamu, likija kufunguliwa, litasomwa mbele ya huyo huyo. Hakuna rushwa iliyotolewa hapo, hakuna bahasha, hakuna noti zilizotegwa na TAKUKURU. Kosa la kutumia vibaya madaraka limo katika Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, lakini kulithibitisha mahakamani bila shaka yoyote kwa ombi lililotolewa kwa mdomo, tena kwa upole, ni kazi ambayo mwendesha mashtaka mwenye akili zake ataikwepa. Ndiyo maana maadili yanahitaji chombo chake na kipimo chake, kabla jambo halijawa jinai.

Tuchukue mikopo ya asilimia 10. Tangu 2018 ni takwa la sheria kwamba kila halmashauri itenge sehemu hiyo ya mapato yake ya ndani, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na mikopo haina riba. Wazo zuri. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zikaja kuonyesha vikundi hewa na marejesho yasiyorejea, na Aprili 2023 Serikali ikasitisha utoaji wake hadi utaratibu mpya ulipoanza 2024, baadhi ya halmashauri zikielekezwa kutumia benki. Sehemu kubwa ya mjadala ilihusu mfumo: nani apitishe fedha, fomu iweje, benki ipi. Kikundi hewa hakizaliwi benki, hata hivyo. Kina katiba, kina mihuri, kina barua ya kutambulishwa na mtaa au kijiji, na kimepita mikononi mwa watu wanaofahamiana. Kama kungekuwa na karatasi inayoonyesha kwamba diwani au mwenza wake ni mwanachama au mdhamini wa vikundi hivi na hivi, wanakikundi walionyimwa mkopo wangeisoma kabla mkaguzi hajafunga safari.

Tukiacha tamko la mali, kinachobaki ni kamati ya maadili ya halmashauri, iliyowekwa na kanuni za maadili ya madiwani za mwaka 2000. Wajumbe wake ni madiwani. Sina haja ya kudai kwamba ni watu wabaya ili nione udhaifu wa mpango huo. Kabla ya baraza, kila chama hukaa kikao chake na kukubaliana msimamo; anayetuhumiwa ni mwenzao wa kikao hicho, kesho atapiga kura kumchagua mwenyekiti au makamu, na keshokutwa ataamua kama mradi wa kata ya mjumbe mwingine utaingia kwenye bajeti. Kumtaka mtu mwenye deni la namna hiyo awe hakimu ni kumwonea yeye mwenyewe. Linganisha na wepesi wa kiti hicho kupotea kwa mambo mengine: diwani asipohudhuria mikutano mitatu mfululizo bila ruhusa kiti kinakuwa wazi, na akihama chama kinakuwa wazi siku hiyo hiyo. Novemba 26, 2017 kulikuwa na uchaguzi mdogo katika kata 43, na baadhi ya nafasi zilikuwa wazi kwa sababu hiyo ya kuhama. Sheria yetu ina macho makali kwa mahudhurio na kwa kadi ya chama. Kwa mchanga wa madarasa macho hayo yanafumba.

Watakuja watakaosema mwamuzi wa diwani ni mpiga kura, na miaka mitano si mingi. Ningekubali kama mpiga kura angekuwa na anachokisoma. Anachokuwa nacho siku ya kura ni fununu za kijiweni, ambazo humchafua mwadilifu sawasawa na mwizi. Wapo wanaotaka zaidi, kwamba wananchi wawe na uwezo wa kumrudisha nyumbani diwani wao kabla ya muda. Jirani zetu Kenya walijaribu. Sheria yao ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 iliruhusu wapiga kura wa wadi kumwondoa mwakilishi wao, lakini ilitaka Mahakama Kuu iwe imethibitisha kosa kwanza, saini za asilimia 30 ya wapiga kura walioandikishwa, na ikafunga mlango katika miezi 24 ya mwanzo na 12 ya mwisho wa kipindi. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ikavitangaza vifungu hivyo kuwa kinyume cha Katiba. Fundisho ninalolipata humo ni dogo: nguvu ya mwisho aliyopewa mwananchi haina kazi ikiwa hatua za mwanzo, za kujua na kuuliza, hazipo.

Hoja nzito zaidi ni ile ya fitina. Ukiweka dirisha la malalamiko kila kata, watasema, kila mgombea aliyeshindwa kura za maoni atalijaza barua. Hii siidharau, kwa sababu Uingereza ilikwisha kutokea. Sheria yao ya mwaka 2000 iliunda bodi ya taifa ya kusimamia mwenendo wa madiwani wa England, ikazama katika malalamiko ya nani alimjibu nani vibaya kikaoni. Mwaka 2006 Ken Livingstone, Meya wa London, alipewa adhabu ya kusimamishwa wiki nne kwa maneno aliyomwambia mwandishi wa habari, na Mahakama Kuu ikaitengua adhabu hiyo. Serikali iliyofuata ikaifuta bodi kabisa. Ilifunga milango 2012, na halmashauri zikabaki kujisimamia bila uwezo wa kumsimamisha diwani. Ilipofika Januari 2019, kamati ya taifa ya viwango vya maisha ya umma ikapendekeza uwezo wa kumsimamisha hadi miezi sita urudishwe. Waingereza walizunguka duara lote. Wales, kwa upande mwingine, haikuufuta mfumo wake: malalamiko huchunguzwa na mchunguzi huru, na jopo la nje linaweza kumzuia mtu asishike udiwani hadi miaka mitano. Tofauti iko katika uchujaji. Malalamiko ya lugha kali yabaki kwa mwenyekiti wa kikao na rungu lake. Yanayohusu fedha, ardhi, zabuni, mikopo, ajira, na unyanyasaji wa wanawake wanaofuata huduma, hayo ndiyo yaende kwa watu wasiokaa kwenye baraza hilo.

Na diwani mwenyewe ana neno lake, ambalo ni haki tulisikie. Posho yake ni ndogo na mara nyingi ilicheleweshwa, hadi katika bajeti ya 2021/22 Serikali Kuu ikaamua kuilipa kwa halmashauri zenye mapato madogo. Kila msiba wa kata unamtazama yeye, kila jeneza, kila mchango wa harusi. Ukimkataza biashara, utabaki na madiwani matajiri tu. Nakubali, na ndiyo sababu sitaki kurudi kwenye masharti ya 1967. Awe na lori. Alikodishe popote, hata kwa mradi wa kata jirani kama ameshinda kihalali na mfumo wa ununuzi unaonyesha jina lake. Ninachomwomba ni mistari michache: biashara zangu na za mwenza wangu ni hizi, kampuni tulizo na hisa ni hizi, vikundi tulivyomo ni hivi, viwanja na vizimba tulivyopewa na halmashauri ni hivi. Thamani yake asiandike. Idadi ya mbuzi asiandike. Anayeogopa jicho la jirani juu ya utajiri wake hana sababu ya kuogopa orodha isiyo na bei.

Nakala moja ya orodha hiyo iwe mezani kwa mwandishi wa vikao, ili ajenda ikigusa lori, mwenyekiti awe na pa kutazama kabla hajaruhusu mjadala. Nyingine iende ofisi ya kanda ya Sekretarieti. Asiyeitoa, au aliyeficha kitu na ikathibitika, ashughulikiwe na jopo dogo la mkoa lenye mwanasheria mstaafu na raia wawili wasio viongozi wa chama chochote, lenye uwezo wa kumsimamisha kwa muda, posho nayo isimame. Nakala ya tatu ndiyo muhimu kuliko zote. Wala kuidai si kazi kubwa: kanuni za maadili za mwaka 2000 ni kanuni za waziri. Kuzirekebisha hakuhitaji muswada bungeni wala Katiba mpya. Kila ofisi ya kata ina ubao wa matangazo, wenye kioo au bila kioo, ambako mtendaji hubandika tangazo la chanjo, tarehe ya mnada na jina la mtoto aliyepotea. Kwenye kona ya ubao huo nafasi ya karatasi moja haikosekani.