Pole nayo ipewe emoji yake

Wapendwa wa nyumbani, huku Sydney baridi ya Juni ndiyo hiyo, na nyumba za huku zimejengwa kama vile mwaka mzima ni Desemba. Ila leo sizungumzii baridi wala kodi ya nyumba. Leo nina hoja moja ndogo, na najua kuna watakaocheka: nataka neno "pole" lipate emoji yake.

Ndiyo, emoji, vile vipicha vya kwenye simu. Hesabu yake sasa imepita 3,700. Yumo jini, yumo zombi. Mwaka 2020 likaingia bumerangi la hawa jamaa zangu wa huku, 2021 ikaja sura inayoyeyuka, na 2024 ikaongezwa sura ya mtu aliyechoka, yenye mifuko chini ya macho. Lakini pole, neno tunalolitoa mara kumi kabla ya chakula cha mchana, haimo.

Mtasema, mbona vya kusikitikia vipo? Haya, tuviangalie. WhatsApp ilipoleta kujibu ujumbe kwa emoji mwaka 2022, iliweka sita mbele: dole gumba, moyo, kicheko, mshangao, sura yenye chozi na viganja vilivyokutana. Sasa imetumwa habari ya msiba. Dole gumba? Kicheko? Mungu apishe mbali. Vinabaki chozi na viganja. Viganja huyu anavisoma ni dua, yule ni asante, mwingine ni tafadhali. Na chozi linasema MIMI nina huzuni. Pole haitangazi hali yangu mimi, inakuelekea wewe. Hapo ndipo penye tofauti yote.

Mama yangu alipofiwa na mdogo wake, mwanangu wa miaka kumi na nne alitaka kumfariji bibi yake. Kiswahili anakisikia vizuri, kukiandika ndiyo kazi. Akatuma zile sura zinazobubujika machozi, tano mfululizo. Simu ikalia saa kumi alfajiri kwetu, saa tatu usiku kwenu. Ni mama. "Mjukuu wangu analia nini huko? Mwambie anyamaze, bibi yupo." Basi mfiwa ndiye akakaa kumbembeleza mtoto, na mtoto hakuwa analia, alikuwa anatoa pole! Mimi nasema mtoto alikuwa na moyo sahihi, kilichokosekana ni chombo cha kuubebea.

Najua swali linalofuata: si uandike tu, herufi nne? Kati yetu sisi herufi nne zinatosha, sibishi. Lakini ukoo wetu siku hizi una wakwe wa Kifilipino na watoto wa Melbourne wasiojua kuandika hata "shikamoo". Na kazini kwangu, kwenye kulea wazee, tuko Wanepali, Walebanoni, Wasamoa na Waaustralia wenyewe. Mwenzako akijikwaa ukamwambia "sorry", anakushangaa: kwani umenisukuma wewe? Kiingereza kimebebesha neno hilo moja mizigo miwili, pole na samahani, na kila siku msikilizaji inabidi abahatishe ni upi.

Msidhani ni utani. Mzigo huo ulishaisumbua nchi hii nzima. Tarehe 28 Mei 2000 watu kama robo milioni walivuka kwa miguu Daraja la Bandari hapa Sydney kutaka upatanisho na wenyeji asilia, na ndege ikaandika neno "Sorry" kwa moshi angani. Waziri Mkuu wa wakati huo, John Howard, alikuwa amekubali mwaka 1999 kusema bungeni kwamba taifa linasikitika, lakini kuomba radhi akakataa. Ilibidi kusubiri mpaka tarehe 13 Februari 2008, Kevin Rudd aliposimama bungeni kuwaomba radhi watoto walionyang'anywa wazazi wao na serikali. Na wenyeji hao wenyewe, katika Kiingereza chao, mambo ya msiba na matanga huyaita "sorry business". Hawamaanishi kuna mkosaji. Wanamaanisha pole, kama sisi.

Hapo nitoe angalizo, maana hata kwetu liko. Pole si mahali pa kujifichia. Aliyekukanyaga mguu hana haki ya kukupa pole akaendelea na safari, anatakiwa akuombe radhi. Kuna wakubwa hodari wa kutoa pole kwa maafa waliyoyasababisha wao wenyewe. Ndiyo maana nataka mambo haya yatenganishwe hata kwenye vipicha. Emoji zilianzia Japani, na mpaka leo yumo mtu anayeinama hadi chini kuomba radhi kwa desturi ya kwao. Kwa hiyo samahani inayo picha yake tayari. Pole ikipata yake, atakayetuma pole badala ya samahani tutamwona mchana kweupe.

Wanaoamua ni Jumuiya ya Unicode, iko California, na mtu yeyote anaweza kupeleka ombi. Msiseme sisi ni wadogo. Emoji ya mwanamke aliyevaa hijabu iliombwa mwaka 2016 na Rayouf Alhumedhi, msichana wa Kisaudi wa miaka 15 aliyekuwa akiishi Berlin, na 2017 ikatoka. Wanachotaka ni uonyeshe kuwa picha itatumiwa na wengi, haifanani na zilizopo, na inasomeka hata ikiwa ndogo. Wengi tunao. Wayoruba wana "pele", Waigbo wana "ndo", Waganda wana "kitalo" cha msibani. Wajapani kazi ikiisha huambiana "otsukaresama", ambayo ni pole na kazi kabisa. Walebanoni hapa kazini humwombea afya mtu aliyeko kazini. Kiu hii si ya Waswahili peke yetu.

Picha yenyewe? Naipendekeza hivi: mikono miwili imeushika mkono mmoja. Ndivyo tunavyomshika mfiwa akiwa amekaa mkekani. Haina machozi, maana wa kulia ni yeye, wewe umekuja kumshika. Haina moyo, kwa hiyo hata bosi unaweza kumtumia bila maneno maneno. Inafaa msiba, homa, safari, foleni ya Ubungo na mtihani uliogoma.

Wakati tunasubiri California, tuanze wenyewe. Mwaka 2019 vijana wa Alice Springs, katikati ya nchi hii, walitengeneza emoji 90 za lugha yao ya Arrernte, zikaitwa Indigemoji. Hawakusubiri ruhusa ya mtu. Sasa yule kijana wetu wa Mwanza anayechora, naomba atuchoree stika ya pole tuiweke kwenye kundi la ukoo. Mwanangu atakuwa wa kwanza kuitumia, na mama yangu ataweza kulala.

Naomba kutoa hoja.

Wenu, wa huku kwa kangaruu