Viza haimpi mrithi shamba la Mbwawa

Soko la mashamba na viwanja pembezoni mwa mji wa Kibaha bado lina wanunuzi, na kata ya Mbwawa ni miongoni mwa sehemu zinazotajwa na madalali. Sababu zinafahamika. Treni ya reli ya kisasa ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, ikiwa na kituo Soga. Bandari kavu ya Kwala ilizinduliwa rasmi mwishoni mwa Julai 2025. Shamba la mikorosho ambalo zamani lilikuwa la kuachiwa shangazi alipalilie, sasa lina watu wanaofika Jumamosi na gari kuuliza bei.

Baadhi ya mashamba ya namna hiyo ni ya marehemu ambao watoto wao wako Birmingham, Muscat au Toronto, na wamekwisha kuchukua uraia wa huko. Msiba unapotokea, swali la kwanza la watoto hao huwa ni viza: ipi itamwezesha mtu kuja, kukaa na kusimamia mali ya baba? Ni swali la haki, ila linatangulizwa mbele ya swali kubwa zaidi, nalo ni kama mwulizaji anaweza kumilikishwa shamba lenyewe.

Kwa Tanzania Bara jibu ni gumu kumeza. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 haimruhusu mtu mzima kubaki na uraia wa nchi mbili. Anayejitakia uraia wa nchi nyingine hupoteza wa Tanzania. Nayo Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kifungu cha 20, inasema asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji uliokubaliwa kisheria. Kampuni ambayo wenye hisa nyingi si raia nayo huhesabiwa kuwa si raia, kwa hiyo ujanja wa kusajili kampuni ya ndugu wa nje hausaidii. Mtoto wa Mbwawa mwenye pasi ya Uingereza, mbele ya sheria hiyo, yuko kundi moja na mgeni ambaye hajawahi kupanda basi la Mlandizi.

Majirani wamechukua njia nyingine. Kenya iliruhusu uraia wa nchi mbili katika Katiba ya mwaka 2010, na hata asiye raia kabisa anaweza kukodishiwa ardhi kwa muda usiozidi miaka 99. Mrithi wa Tanzania asidanganywe na binamu wa Mombasa kwamba mambo ni yale yale.

Sasa viza. Raia wa nchi zinazohitaji viza huomba kwa mtandao tangu mwaka 2018. Ya kawaida ni dola 50 za Kimarekani kwa siku zisizozidi 90. Mwenye pasi ya Marekani hulipa dola 100 na kupata ya kuingia mara nyingi kwa miezi 12, lakini kila safari haizidi miezi mitatu. Viza ya biashara, dola 250, ni ya mtu anayekuja kufanya kazi ya muda mfupi, nayo haivuki siku 90. Kuja kuzika, kuketi kikao cha ukoo na kukagua mipaka ya shamba, viza ya kawaida inatosha. Kulima kwa kuuza au kuendesha mradi hakumo.

Hapo ndipo hesabu inapogoma. Mirathi ikifunguliwa Mahakama ya Mwanzo, msimamizi anatakiwa kupeleka orodha ya mali na hesabu za ugawaji ndani ya miezi 4. Ikifunguliwa chini ya sheria ya mirathi inayotumika Mahakama Kuu, orodha ni miezi 6 na hesabu ni mwaka 1. Viza ni miezi mitatu. Mrithi wa nje anayeng'ang'ania kuwa msimamizi yeye mwenyewe, kwa sababu hawaamini wadogo zake, viza yake itakwisha kabla hajafikisha hesabu mahakamani. Atarudi Toronto, faili litalala, na huku shambani majirani watasogeza mipaka hatua kwa hatua.

Vipo vibali vya ukaazi. Daraja A ni la wawekezaji na wanaojiajiri, daraja B ni la walioajiriwa. Wengi hukimbilia A wakidhani kitawafungulia ardhi. Hesabu zao zina kasoro: Sheria ya Uwekezaji ya mwaka 2022 iliweka mtaji wa chini wa dola 500,000 kwa mradi wa wageni kupata cheti chenye vivutio, na nani atatia fedha hizo katika mikorosho ya ekari tano? Kibali kinachosahaulika ni daraja C, wanalopewa wanafunzi, watafiti, wastaafu, na pia wageni wanaohudhuria kesi mahakamani. Mirathi ikigeuka mgogoro, hilo ndilo la kuulizia Uhamiaji. Hata hivyo linampa mtu nafasi ya kukaa na kusikiliza kesi yake tu; shamba linabaki chini ya sheria ya ardhi.

Mwaka 2024 Serikali ilipeleka Bungeni muswada wa kurekebisha Sheria ya Uhamiaji na Sheria ya Ardhi ili wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nje wapewe hadhi maalumu. Ni hatua ya kupongezwa, imechelewa tu. Lakini hadhi ya namna hiyo ni ya kuombwa. Mtu haipati kwa sababu alizaliwa Tumbi. Dalali anayesema "huyu ana asili ya hapa, hakuna tatizo" atakiwe kuonyesha karatasi.

Njia iliyo salama kwa familia ni ya kizamani. Kikao kimteue ndugu aliye raia na anayeishi nchini kuwa msimamizi, muhtasari uandikwe, cheti cha kifo kiambatanishwe, mahakama imthibitishe. Fungu la mrithi wa nje liuzwe, naye apokee fedha, au ndugu walio raia walinunue kwa bei ya soko. Kinachoshawishi wengi ni kuandikisha shamba kwa jina la mdogo mtu huku makubaliano yakiwa ya mdomo. Mdogo huyo akifa, au akioa mke asiyejua habari za makubaliano, aliye nje atapata wapi pa kushika? Mbele ya Msajili wa Hati hana jina.

Kwa mwenye fedha anayetafuta kiwanja, hatari iko upande mwingine. Anayeuza mara nyingi hushika hati ya uwakala kutoka kwa mwenye mali. Hati hiyo hufa pamoja na aliyeitoa. Baba aliyempa mpwa wake uwakala na kisha akafariki, uwakala umekwisha siku ile, hata kama mihuri yote imo. Baada ya kifo anayeweza kuuza ni msimamizi aliyeteuliwa na mahakama, na barua ya mwenyekiti wa mtaa haichukui nafasi ya uteuzi huo. Hati ya uwakala ya mrithi aliye hai iliyosainiwa nje ni jambo jingine: inafaa, mradi iwe imethibitishwa ipasavyo na kusajiliwa, nayo humwakilisha mrithi huyo kwa fungu lake tu.

Kodi nayo ina tofauti. Asiye mkazi hukatwa kiwango kikubwa kuliko mkazi katika faida ya kuuza ardhi, hivyo bei ipatanwe baada ya Mamlaka ya Mapato kuulizwa. Kodi ya pango la ardhi iliyolimbikizwa tangu uhai wa marehemu huibuka siku ya uhamisho, na ubishi wa nani ailipe umewahi kuvunja biashara iliyokwisha kunywewa chai.

Mrithi mmoja anaweza kusema atabaki nchini awauzie ndugu na majirani viwanja vyao kwa kamisheni. Hilo lilifungwa. Amri ya Julai 2025 iliwakataza wasio raia kufanya udalali wa biashara na wa mali zisizohamishika, pamoja na shughuli nyingine 14. Faini kwa mgeni haipungui shilingi milioni 10, au kifungo kisichozidi miezi 6, na viza au kibali chake hufutwa. Mnunuzi aliyepelekwa shambani Mbwawa na mtu wa namna hiyo aombe kwanza kuonana na msimamizi wa mirathi, na namba ya shauri aihakiki mwenyewe mahakamani kabla ya kutoa hata shilingi ya kishika uchumba.