Merikebu Iliyozama Manza ni Mali ya Nani?

Mtu wa Kabuku akinena habari za bahari huchekwa. Kabuku iko bara, katika Handeni, kando ya njia kuu itokayo Chalinze kwenda Segera, kati ya mashamba ya mkonge, na mtu aweza kuzeeka huko asionje maji ya chumvi. Hata hivyo nathubutu kunena, kwa sababu liko gofu la merikebu katika pwani ya Tanga ambalo habari zake hazikukoma pwani. Gofu hilo laliwa na kutu mwaka hata mwaka, na wasomi wetu wananyamaza. Kunyamaza huko ndiko ninakokushitaki.

Merikebu yenyewe iliitwa Rubens. Ilikuwa ya Waingereza, ikakamatwa Hamburg vita vilipoanza mwaka 1914, na Wajerumani wakaipa jina la Kidenmaki, Kronborg, ili ipite baharini bila kutambuliwa. Iliondoka Ujerumani Februari 1915, nahodha wake Carl Christiansen, imepakia makaa kwa ajili ya manowari Königsberg iliyozingirwa katika delta ya Rufiji, pamoja na bunduki, risasi na makombora. Tarehe 14 Aprili 1915 manowari ya Kiingereza Hyacinth iliifukuza hata ghuba ya Manza, kaskazini ya mji wa Tanga. Nahodha aliizamisha mwenyewe penye maji haba, akawasha moto juu ya sitaha. Waingereza wakaondoka wakidhani kwamba shehena yote imeteketea. Haikuteketea. Kwa majuma mengi iliopolewa, na risasi zilizolowa zikafunguliwa, baruti ikaanikwa, kisha zikafungwa tena.

Hapa ndipo bara inapoingia. Katika vita hivyo Wajerumani walijenga reli ndogo kutoka Mombo hata Handeni, vigari vyake vikisukumwa kwa mikono ya watu. Kutoka Handeni mizigo ilichukuliwa na wapagazi kuelekea reli ya kati. Sisemi kwamba kila sanduku la Manza lilipita njia hiyo. Nasema kwamba silaha zilizookolewa Manza zilimpa von Lettow-Vorbeck nguvu ya kuendelea na vita, na kwamba vita hivyo, vilivyodumu hata Novemba 1918, viliendeshwa juu ya vichwa na migongo ya watu wetu. Juni 1916 Waingereza waliitwaa Handeni, nao pia wakataka wapagazi. Wapagazi wa pande zote mbili walikufa kwa makumi ya maelfu, na maradhi na njaa viliwaua wengi kuliko risasi. Wengi wao hawana kaburi linalojulikana. Gofu la Manza ni mojawapo ya vitu vichache vinavyoshikika vya habari hiyo.

Wa kwanza kunipinga atasema, 'Hiyo ni merikebu ya Mjerumani, yatuhusu nini?' Namjibu kwa swali: maboma ya Mjerumani tuliyoyafanya ofisi na majumba ya makumbusho, nayo yatuhusu nini? Hatukuyabomoa, kwa kuwa twajua kwamba jiwe la boma lilichukuliwa na mtu wa hapa. Shehena ya Rubens nayo ilichukuliwa na mtu wa hapa. Ikiwa jasho latosha kutupa haki juu ya jiwe, latosha pia kutupa haki juu ya chuma.

Wa pili atasema kwamba chuma ni fedha, basi kikatwe kiuzwe. Huyu na aitazame Königsberg. Wenyewe waliizamisha katika Rufiji tarehe 11 Julai 1915, na tangu miaka ya 1920 wanunuzi wa vyuma waliikata vipande vipande, hata kilichobaki kikamezwa na tope. Mizinga yake ilikuwa imetolewa zamani. Anayetaka kuigusa leo aende Ngome ya Yesu, Mombasa, au Pretoria. Fedha ya chuma hicho imekwisha kuliwa, wala hapana mwanafunzi wa Rufiji aliyepata kusoma kwayo.

Wa tatu ana nia njema. Atasema, 'Na iopolewe, kama ilivyoopolewa Liemba.' Mfano huu haufai. Graf von Götzen ilizamishwa katika Ziwa Tanganyika Julai 1916 na watu waliokusudia kuirudia. Mitambo yake ilipakwa mafuta mazito, na maji yalikuwa matamu. Iliopolewa mwaka 1924, ikaanza kazi tena mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Rubens ilipigwa mizinga, ikaungua, ikakaa katika chumvi zaidi ya miaka 100. Chuma cha namna hiyo kikitolewa majini na kuachwa juani humomonyoka upesi kuliko kilivyomomonyoka kilipokuwa chini. Kuiopoa ni kuimaliza.

Basi ilindwe na nani? Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huhesabu kuwa kale kile kilichofanywa kabla ya 1863. Kilichofanywa baadaye hungoja tangazo la Waziri. Mapatano ya UNESCO ya mwaka 2001 huhesabu miaka 100 chini ya maji, na Rubens iliitimiza Aprili 2015. Hifadhi ya bahari ya silikanti iliyowekwa Tanga mwaka 2009 haifiki Manza. Hivyo gofu hili ni kongwe kwa kipimo cha ulimwengu, na ni changa kwa kipimo chetu.

Wala bahari yenyewe haingoji. Wavuvi wa baruti waliyavunja matumbawe ya Tanga kwa miaka mingi. Uovu huo umepungua sana siku hizi, lakini mwamba uliovunjika haurudi kwa amri ya serikali. Wakati wa masika mito huteremsha udongo, na wakati wa kusi mawimbi huyavuruga maji, mpiga mbizi asione mbali. Ni kaskazi, hasa Desemba hata Machi, ambapo bahari hutulia na mtu mwenye mtungi wa hewa aweza kupima na kupiga picha. Kila kaskazi ipitayo bure ni kurasa zilizochanwa katika kitabu kisicho na nakala.

Nawageukia sasa wenzangu wa chuo kikuu. Idara moja husoma matumbawe, ya pili husoma mambo ya kale, ya tatu husoma historia, na gofu limelala katikati ya zote tatu. Mwenye matumbawe asema ni chuma. Mwenye kale asema ni changa. Mwenye historia asema ni majini. Kwa hoja hizi tatu kila mmoja amepata ruhusa ya kukaa nyumbani.

Sitaki mnara, wala sitaki hoteli ya wageni. Nataka gofu lipimwe, lichorwe na kupigwa picha. Nataka wazee wa Manza, wa Mombo na wa Handeni waulizwe waliyosimuliwa na baba zao, na Waziri aandikiwe barua yenye hoja ili atoe tangazo. Mambo haya hayahitaji hazina kubwa. Yahitaji watu wachache wenye haya. Babu zetu walilazimishwa kubeba masanduku, nasi hatuombwi ila kubeba kalamu na kamba ya kupimia. Tukishindwa na hayo, tusimlaumu tena mgeni kwamba ndiye aliyeiandika historia yetu.